Mishono Kumi na Miwili kwa Kilomita

Shangazi yangu Mwajuma,

Nimekaa kwenye kiti chako, kile chenye mto uliokataa kubadilishwa hata ulipobaki bapa, na cherehani iko mbele yangu, hapa hapa mlangoni ulipoiweka ili ipate mwanga. Arubaini yako ilisomwa jana. Watu walikuwa wengi, ungefurahi, na pilau ilipungua chumvi, ungesema. Leo wamerudi makwao, nimebaki peke yangu na vitu vyako, na kuna kimoja nimekikuta ambacho lazima tukizungumze. Lakini kwanza nikukumbushe tulikotoka, maana nikianza na hicho nitalia na barua hii haitaandikwa.

Nilikuja kwako hapa mtaani Jabe nikiwa na miaka saba, baada ya baba yangu, kaka yako, kufariki. Watu wananiambia nililia sana. Mimi sikumbuki kulia, nakumbuka cherehani tu. Ilikuwa kubwa kuliko mimi, na ulinikataza kugusa gurudumu lake kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwako tena. Ulishona magauni ya wake wa wakubwa, sare za shule, na kanzu Ramadhani ikikaribia. Nguo za wateja ulizifua mwenyewe kabla ya kuzipiga pasi, ukazianika uani, na mvua ya mji huu unaijua tabia yake. Inatoka ng'ambo ya ziwa, milima ya Kongo inamulika, na mtu akiduwaa kidogo tu nguo zimelowa.

Wewe hukuduwaa, kwa sababu ulikuwa na ujanja wako. Radi ikimulika, ulitia kipande cha kitambaa chakavu chini ya sindano ukakanyaga pedali. Ngurumo ikisikika, uliacha. Kisha ulihesabu mishono kwa ncha ya ukucha, kila sindano iliposhuka na kupanda ni mshono mmoja. Ikizidi mia, uliendelea na kazi yako. Ikipungua hamsini, uliniita.

“Sauda! Toa nguo inje, mvua inakuja!”

“Umejuaje, shangazi?”

“Mashini imeniambia.”

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mashine yako inasemezana na mvua. Niliwaambia hata wenzangu shuleni, wakanicheka, na nikampiga mmoja kofi.

Nilipofika sekondari, mwalimu wa fizikia alituambia kwamba mwanga unafika papo hapo lakini sauti inachukua kama sekunde tatu kutembea kilomita moja. Sikungoja hata kengele ilie vizuri. Nilirudi nyumbani mbio, nikakueleza huku nahema, na wewe ukaniuliza kwanza kama nimekula. Redio yako ilikuwa juu ya kabati, na kila saa kamili, kabla ya habari, ilitoa milio sita, mitano mifupi na wa mwisho mrefu, sekunde moja kati ya mmoja na mwingine. Nilikuomba ukanyage kuanzia mlio wa kwanza hadi wa mwisho. Sekunde tano. Tukahesabu pamoja, tukapata mishono ishirini, yaani minne kwa sekunde. Mara tatu, ikawa kumi na miwili kwa kilomita.

“Kumbe mi najua fizike,” ulisema. “Na sijakanyaga ku sekondere hata siku moja.”

Ulijisifu mtaa mzima wiki nzima.

Lakini tangu siku ile ulianzisha desturi iliyonichosha. Kila jioni kabla ya habari ulitia kitambaa, ukasubiri milio, ukashona mstari wa redio. Chini yake, radi ikimulika, ulishona mstari wa mvua. Bila mstari wa redio hukukubali kushona ule mwingine, hata mbingu ingepasuka. Nilikubishia sana.

“Shangazi, si tunajua tayari ni ishirini?”

“Ile ya jana njo ilikuwa ishirini. Leo nimeshinda nashona sare, muguu imechoka. Ntajuaje kama inaenda sawa na jana?”

“Tofauti itakuwa ndogo tu.”

“We uliza redio kwanza. Halafu uliza mvua.”

Na kweli kuna jioni ilitoka kumi na minane, kuna jioni ikatoka ishirini na mmoja. Ulinitazama tu kwa jicho lile lako la pembeni, ukaniachia mimi nifanye hesabu upya. Vipande vyote vya vitambaa ulivitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga, sikujua kwa nini. Nilidhani ni uchoyo wa fundi ambaye hatupi kitambaa.

Kisha vita vikaanza, na milima ya upande huu, ya kwetu, ikaanza kumulika nayo.

Sitaeleza vita, ulikuwapo. Nataka kukumbuka jioni zake tu, zile za kawaida, ambazo mtu aliyekuwa mbali hatazielewa. Mlango wetu ulitazama vilima. Giza likianza, mwako wa mizinga ulionekana kule juu, na wewe ukakanyaga. Mlio ukifika, ukaacha. Ulihesabu kwa ukucha ule ule, kwa utulivu ule ule, utadhani bado unafikiria nguo za kuanua. Habari ikaenea, na watu wa uani wakaanza kuja mlangoni, wa kwanza akiwa Baba Yusufu, fundi wa magari aliyepanga vyumba vya nyuma.

“Mama Sauda, leo ngapi?”

“Mia moja na munane. Kilomita kenda. Ulale nyumbani.”

“Ego, ndiyo, asante.”

Na ikipungua sitini, watu walikunja mikeka wakateremka kulala upande wa ziwa, na sisi pia. Hukumwambia mtu jambo ambalo hukulihesabu. Wengine walisema kwamba una dawa, wengine walisema una ndugu kule mlimani anayekuletea habari, na maneno ya namna hiyo miaka ile hayakuwa mzaha. Wewe uliwafundisha wote hesabu yenyewe, mmoja mmoja, mpaka shaka ikaisha. Nilikupenda sana kwa hilo, na sidhani nilikuambia.

Sasa nifike kwenye ile siku.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza mtihani wa serikali, najiona nimeiva. Wewe ulikuwa umekaa mkekani unapachika vifungo kwenye gauni la Madamu wa Kinanira, mtaa ulio chini ya vilima vya kusini, mteja wako wa siku nyingi aliyefanya kazi ofisi ya serikali. Mimi nilikuwa kwenye cherehani nakunja mapindo. Mawingu yalikuwa mazito, giza likawahi. Dakika kama kumi kabla ya saa kumi na mbili, vilima vya kusini vikamulika. Mwako wa kwanza ulinikuta sijajiandaa. Nilitia kipande cha kitenge, cha rangi ya chungwa chenye majani meusi, na wa pili ulipokuja nikakanyaga.

Nilikuwa naogopa, shangazi. Wewe ulikuwa unahesabu siku zote, mimi nilikuwa mtu wa kuzidisha na kugawanya tu. Niliposikia mlio niliacha, nikahesabu kwa ukucha kama wewe.

“Themanini na nne!” nilisema. “Kilomita saba. Ni mbali, shangazi, ni nyuma kabisa ya vilima.”

“Umeuliza redio?”

“Tunajua ni kumi na mbili kwa kilomita! Mpaka lini tutauliza kitu tunachokijua?”

Ulikata uzi wa kifungo kwa meno. Nilitegemea unigombeze, hukunigombeza.

“Enda utoe nguo inje,” ulisema.

Nilikwenda uani. Nguo zilikuwa nyingi, na Baba Yusufu akaniuliza ngapi leo, nikamjibu saba kwa sauti ya mkubwa. Nikiwa bado nakunja mashuka nikasikia milio ya redio, na sauti ya cherehani, nikafikiri unamalizia pindo langu. Niliporudi ndani ulikuwa umejitanda mtandio, na gauni la Madamu umelifunga kwenye gazeti.

“Mi naenda mara moja ku Kinanira. Napeleka hii nguo.”

“Sasa hivi? Si umpelekee kesho?”

“Kesho asubui Madamu anasafiri. Na we si umesema kilomita saba?”

“Ndiyo, saba,” nilijibu.

Maneno hayo nimeyasikia kichwani mwangu miaka saba. Ndiyo, saba. Niliyasema nikitabasamu, nikakufungulia na mlango.

Nilikaa nikikusubiri. Kipande changu cha rangi ya chungwa sikukiona juu ya mashine, nikafikiri kimeanguka. Mimuliko haikuisha, na kila mmoja ulinifanya niruke. Saa moja ilipokaribia, nilitia kitambaa kingine chini ya sindano, cheupe, kwa sababu tu nilitaka mikono yangu ifanye kitu, na milio ya redio ilipoanza nikakanyaga. Nilihesabu. Nikahesabu tena nikiwa nimeinama karibu na taa. Thelathini na mitano.

Si ishirini. Thelathini na mitano kwa sekunde tano, mguu wangu ulikuwa unakimbia mishono saba kwa sekunde, na mimi nikidhani unatembea. Mishono themanini na minne ilikuwa sekunde kumi na mbili tu. Kilomita nne. Kilomita nne kutoka mlango wetu ni kilima kilicho mgongoni mwa Kinanira.

Asubuhi mlinzi wa kwa Madamu alikuja kusema kwamba uko hospitali. Gauni ulikuwa umelifikisha. Ulikuwa unarudi, unateremka kwa miguu kutafuta teksi, bomu likaanguka kwenye ua wa jirani, na kipande cha chuma kikaingia kwenye goti lako la kulia, goti la pedali.

Nilipofika kitandani kwako ulinipa bahasha kabla hujanipa salamu. Ndani yake mlikuwa na karatasi zangu za masomo ya nje, zile nilizodhani zimepotea kwenye ofisi moja miezi iliyopita. Madamu alikuwa amezitafuta, akazitia saini na muhuri, na alikuwa anaondoka asubuhi hiyo bila kujua kama atarudi. Kabla ya hapo hukuniambia neno. Ulikuwa umefanya siri ili nisije nikategemea halafu nikavunjika moyo.

“Shangazi, ni mimi,” nilisema. “Nilihesabu vibaya. Sikuuliza redio. Mguu wako ni kosa langu.”

“Wacha kulia, mutoto wangu. Mi nilijua ni wapi.”

“Ungejuaje? Mimi ndiye niliyekwambia saba.”

“Nilijua.”

“Unanihurumia tu.”

“Apana. Nilijua. Leta maji ninywe.”

Sikukuamini. Nilikuona unafanya vile ambavyo ulifanya siku zote, unanifunika. Ulirudia neno lile mara ngapi? Ulilisema siku ya kuondoka kwangu, ulilisema kwenye simu, ulilituma hata kwa mtu aliyekuja Ulaya akiniletea dagaa. “Sauda, mi nilijua.” Kadiri ulivyorudia ndivyo nilivyozidi kusadiki kwamba unanidanganya kwa upendo.

Baba Yusufu alinipa habari zako nyingine. Kwamba goti halikukunjika tena, ukahamishia pedali mguu wa kushoto. Kwamba miezi sita ulishona mapindo yaliyopinda mpaka wateja wakakuonea haya kukuambia, kisha yakanyooka. Kwamba mguu wa kushoto ulikuwa mzito, mishono mitatu kwa sekunde, ukawatangazia watu wote wa uani kwamba kuanzia leo kilomita ni mishono tisa. “Mashini haijui ni muguu gani,” ulimwambia. Nilicheka niliposikia, halafu nikashindwa kula siku nzima.

Sikurudi. Mwanzoni ilikuwa masomo, halafu vita, halafu, niseme kweli, ilikuwa aibu. Sikuweza kukutazama unavyotembea.

Kila nilipopiga simu uliniuliza, “Unashona nini uko?” nami nikakujibu kwamba natengeneza saa ndogo. Hukuridhika na jibu hilo, najua. Acha nikueleze sasa, maana kazi yenyewe ni yako.

Ndani ya kompyuta, na siku hizi ndani ya simu, kuna kipande cha silikoni kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Tunakiita chipu. Ishara za umeme zinakimbia humo, na mara nyingi inabidi tujue umepita muda gani kati ya ishara moja na nyingine, muda mdogo kiasi kwamba ukipepesa macho umeshapita mara mamilioni. Zamani walipima kwa njia ya analogi. Ishara ya kwanza ikija, umeme unafunguliwa utiririke kwenye kihifadhi chake, kama bomba na ndoo. Ya pili ikija, bomba linafungwa, kisha unatazama ndoo imejaa kiasi gani. Kwa miaka mingi ilifaa. Lakini chipu zinazidi kuwa ndogo, na ndoo zimepungua nazo, zinavuja, na umeme wenyewe umekuwa kidogo. Ukichungulia ndani huwezi tena kutofautisha nusu na robo tatu.

Kikundi chetu kilipewa kazi ya kuondoa ndoo na kuweka mashine ya kidijitali. Ni safu ya swichi ndogondogo zinazopokezana ishara, ya kwanza inaipa ya pili, ya pili inaipa ya tatu. Ishara ya kuanza inaingia kwenye safu na kukimbia. Ishara ya mwisho ikifika, unasimamisha kila kitu na kuhesabu swichi ngapi zimeguswa. Hakuna kuchungulia, ni kuhesabu tu. Siku mchoro huo ulipochorwa ubaoni mara ya kwanza nilicheka kwa sauti katikati ya mkutano, na wenzangu wakageuka. Nilikuwa nimeona mwako, pedali na mlio.

Kulikuwa na mhandisi mmoja mzee pale, anayezijua ndoo zake kuliko mtu yeyote, na hakutaka zitolewe. Alisema swichi hazina msimamo, kwamba umeme ukizidi kidogo zinakimbia, joto likizidi zinazubaa, na namba itakayotoka inaweza kuwa nzuri machoni na ya uongo kabisa. Wenzangu walimbishia. Mimi sikumbishia, kwa sababu alikuwa anausema mguu wangu. Kitambaa cheupe chenye mishono thelathini na mitano kilikuwa ndani ya daftari langu, mbele yake.

Nikaomba tuweke safu mbili. Zitengenezwe sawasawa, ubavu kwa ubavu, kwenye silikoni ile ile, zipate joto lile lile na umeme ule ule. Ya kwanza ipime tusichokijua. Ya pili isifanye jambo jingine ila kupima mapigo ya saa ya chipu, ambayo tunayajua, tena na tena. Swichi zikikimbia, zitakimbia za safu zote mbili, na ile ya pili itatuambia zimekimbia kwa kiasi gani. Kwenye michoro rasmi safu hiyo ina jina refu. Kwenye daftari langu inaitwa redio.

Tuliitia chipu kwenye tanuri la majaribio, kisha kwenye baridi kali, na namba ikabaki pale pale. Mzee yule alinipa mkono, akaniuliza nimelitoa wapi wazo hilo. Nilimwambia nimefundishwa na fundi wa nguo. Alidhani natania. Wenzangu walikwenda kunywa kahawa kusherehekea, na mimi nikajifungia chooni nikalia, maana kila mtu alikuwa ananipongeza kwa kutofanya tena kosa ambalo wewe uliligharimia goti.

Basi, ndivyo nilivyokuja. Ndege iliposhuka juu ya mashamba ya mpunga ya Buterere nilikuwa nimeandaa maneno ya kukuomba msamaha kaburini, kwa sababu nilikuwa nimechelewa kukuomba ukiwa hai. Presha ilikuchukua, haikunisubiri. Nikayasema, juzi, nimesimama pale na Baba Yusufu pembeni. Aliniacha nimalize, halafu akasema, “Umekwisha fungua ile mukebe yake? Alisema ni ya kwako.”

Nimeufungua leo. Vipande viko vyote, shangazi. Vya mvua, vya miaka ya mwanzo, chini kabisa. Juu yake vya vita. Vyote vina mistari miwili, ule wa redio na ule wa mbingu, na juu kabisa, kimekunjwa mara nne na kuwekewa pini, kitenge cha rangi ya chungwa chenye majani meusi.

Nilidhani nitaona mstari mmoja. Nilikishona mwenyewe, nilijua kina mmoja.

Kina mitatu.

Wa juu ni wangu, umepinda kama njia ya kuku, mishono themanini na minne. Wa chini kabisa umenyooka, ni wako, mtu yeyote wa uani angeujua. Nimeuhesabu kwa ukucha, nikahesabu tena, nikamwita Baba Yusufu naye akahesabu. Arobaini na minane. Kilomita nne.

Kumbe ulinituma uani. Kumbe ile sauti ya cherehani niliyoisikia haikuwa pindo langu. Ulipima mwenyewe, ukajua kwamba mabomu yanatoka mgongoni mwa Kinanira, ukakiondoa kitambaa nisikione, ukafunga gauni kwenye gazeti, na ukanisemesha ile saba yangu ili nisikuzuie. Kwa sababu ungeniambia nne, ningelala mlangoni, na ulilijua hilo.

Nimekukasirikia, shangazi. Nimekukasirikia nusu saa nzima, nimetembea humu chumbani nikisema na ukuta. Miaka saba nimeibeba saba ile, na jibu lilikuwa kwenye mkebe wa maziwa! Ungeweza kunitumia kitambaa. Ungeweza kumpa yule mtu wa dagaa. Lakini ulikuwa umeniambia, tena na tena, kwa maneno mepesi kabisa, na mimi ndiye niliyekataa kusikia. Nadhani ulifikiri kwamba siku moja nitarudi, nitakaa hapa, na nitahesabu mwenyewe, maana ulijua kwamba mimi siamini kitu mpaka nikihesabu. Ulinilea hivyo.

Sasa hasira imeisha. Nasema asante, na naona neno lenyewe dogo. Kosa langu lilikuwa kosa kweli, sitalifuta, nitaendelea kuuliza redio maisha yangu yote. Lakini goti lako halikuwa hesabu yangu. Ulilitoa wewe, macho wazi, kwa ajili ya karatasi zangu, na kuanzia leo nitalipokea kama zawadi, nisilivae tena kama hatia.

Cherehani nitamwachia binti wa Baba Yusufu, ambaye ulikuwa umeanza kumfundisha. Kitambaa naondoka nacho. Vilima viko kimya jioni hii, watu wanasema safari hii amani itafika kweli, na wewe ungesema tungoje kwanza tuone.

Kuna jambo moja bado, nimeliacha makusudi mpaka mwisho. Nimekuambia mstari wa juu na wa chini. Wa katikati ni ule ulioulizia redio saa kumi na mbili kamili, nikiwa uani nakunja mashuka, na wewe unajua unakokwenda. Nimeuhesabu mara nyingi kuliko yote miwili, shangazi, nikitafuta mshono hata mmoja wa ziada, ule ambao woga huuongeza.

Ni ishirini.

Pumzika salama.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako uliyemfanya wako,
Sauda